Koti la Kufunika Bastola

Mwezi uliopita Papa Gédéon na mkewe walikuja Tanga kunitembelea, na naona haya kusema kwamba nilimtazama kiunoni kabla sijamtazama usoni. Ni ugonjwa wa kazi. Alishuka kwenye gari na shati la kubana, tumbo limemtangulia, ndevu zimeanza mvi, na akajua mara moja macho yangu yameelekea wapi. "Mama Tanga," akasema, "leo nimekuja na tumbo tu." Mkewe, dada Bea, alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. Niliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, wakala, wakalala, na kesho yake wakaendelea na safari yao kwenda kumwona binti yao anayesoma Dar es Salaam. Mimi nikabaki na vyombo vya kuosha na mwaka mzima wa 2017 kichwani. Nina miaka arobaini sasa, natunga uzi kwa miwani, na mtu akiniuliza ufundi nilijifunza wapi huwa namjibu kwamba ni kwa shangazi yangu, Ngamiani. Si uongo, ila si habari yote. Kwa shangazi nilijifunza kushona. Fundi nilikuja kuwa Johannesburg, mwaka ule, kwa sababu ya mwanaume mmoja mpenda suti aliyetakiwa kuficha bastola na hakujua kuficha chochote.

Nilifikaje Johannesburg ni habari ndefu na sina hamu nayo. Tuanze nikiwa tayari Bellevue, kwenye nyumba ya zamani ya matofali yenye bati jekundu na baraza la mbele, iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao nyepesi. Chumba changu kilikuwa nusu ya sebule ya watu wa zamani. Nusu ya pili walikaa Papa Gédéon, dada Bea na watoto wao wawili. Darini palikuwa na ua kubwa la plasta, na ule ukuta wa mbao ulipita katikati yake, kwa hiyo mimi nililala chini ya nusu ua na wao chini ya nusu. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kudanganyia macho tu. Nilijua wenzangu wanaongea nini, nani kavuta blanketi, nani kakasirika. Jiko lilikuwa moja kwa nyumba nzima, kule nyuma, na dada Bea alikuwa akirudi kutoka saluni ya Rockey Street mikono inanuka mafuta ya nywele, anafunga kitambaa kiunoni, anasonga ugali, ambao wao watu wa Lubumbashi wanauita bukari, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese mpaka inang'aa. Mara ya kwanza nilikula kwa adabu. Mara ya tatu nilikuwa naenda jikoni na sahani yangu mwenyewe bila kuitwa.

Kazi nilikuwa nafanya nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa Papa Faustin, fundi wa suti, mtu wa Lubumbashi pia, aliyekuwa na kama miaka sitini. Aligeuza chumba chake cha mbele kuwa duka: cherehani tatu, meza ya kukatia, kioo kirefu, na jiko dogo la umeme la chai ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa isipokuwa yeye. Alikaa kwenye cherehani amevaa tai. Nakwambia, tai, hata Januari jua linapochoma bati. Wateja wake walikuwa wanaume wa Kikongo waliokwenda kanisani Jumapili kama watu wanaokwenda kupimwa na macho ya wenzao, na kwa Papa Faustin suti isiyoshika kiuno ilikuwa haijashonwa bado. Mimi alinipa mapindo ya suruali, vifungo na bitana. Bega la koti sikuruhusiwa kulisogelea. "Weye ni fundi wa kanzu, binti yangu," alikuwa akiniambia bila ubaya. "Kanzu iko shuka yenye mikono." Iliniuma. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimeshona kanzu za mabwana harusi wa Tanga nzima, na hapa nimegeuzwa mtu wa mapindo. Lakini alikuwa analipa kwa wakati na alikuwa hanipigii kelele, basi nikanyamaza nikaendelea na mapindo yangu.

Papa Gédéon yeye alikuwa mlinzi mwenye silaha, kwenye mlango wa duka moja kubwa la jumla kule Diepsloot, mbali kaskazini. Alivaa sare ya buluu, na bastola ilikaa kwenye ala ya ngozi kiunoni upande wa kulia, kila mtu anaiona. Mimi nilikuwa sijui kwamba kuna sheria ya jambo hilo. Yeye ndiye aliyenieleza, siku moja tukiwa tunasubiri sufuria jikoni: kwamba kule raia mwenye kibali akitembea na bastola hadharani lazima aifunike kabisa, isionekane hata kidogo, ila mlinzi aliyevaa sare huivaa wazi, maana kazi yake ni kuonekana nayo. Bastola haikuwa yake. Ilikuwa ya kampuni, aliisaini asubuhi, akaisaini jioni, ikarudi kwenye sefu, na haikuwahi kukanyaga nyumbani kwetu kwa sababu dada Bea alisema siku ikiingia yeye anatoka. Kwa hiyo jioni alirudi mikono mitupu, anaimba nyimbo za kwaya, anauliza kuna nini cha kula. Jumapili ndiyo ungemwona mwenyewe hasa: suti ya rangi ya mchanga, viatu vya ncha, kitambaa mfukoni, anashuka ngazi za baraza taratibu ili sote tumtazame. Na sote tulimtazama, maana alikuwa anapendeza, na yeye alijua.

Mwezi wa pili wa mwaka ule majambazi walimuua mwenzake kwa risasi. Alikuwa Sipho, mlinzi wa mlango wa pili wa duka lilelile, mtu mpole ambaye Papa Gédéon alikuwa akituletea salamu zake. Ilikuwa saa saba mchana, watu wamejaa. Hawakugusa duka. Hawakutaka chochote cha duka. Walitembea mpaka kwake, wakampiga, wakachukua bastola kwenye ala, wakaondoka kwa miguu. Papa Gédéon alikuwa ameingia ndani kunywa maji. Jioni ile hakuimba. Nilimsikia kupitia ule ukuta akimsimulia mkewe, anaanza, anakatika, anaanza upya, na dada Bea anauliza swali moja tu: "Njo kusema walimfuata juu waliiona?" Akajibu ndiyo, ni kwa sababu waliiona. Nilikaa kitandani na kanzu ya mtu mapajani, sindano imesimama, na niliogopa kwa ajili yao kana kwamba ni ndugu zangu wa damu.

Jumapili iliyofuata Papa Faustin alikuja kula kwetu, kama kawaida yake, na mjadala ukaanza kabla ya bukari kuisha kusongwa. Yeye alishikilia kwamba silaha ni ya kuonyesha. Mwizi akiiona anapita mbali, alisema, na ukiificha ni nani atakayekuogopa? Papa Gédéon alikuwa anamega tonge polepole. "Papa, mi nasimama nayo miaka sita," akasema. "Mwizi hapiti mbali. Mwizi akiiona, anaona bastola. Na bastola njo kitu anatafuta." Dada Bea akaweka bakuli la sombe mezani kwa nguvu kidogo na kusema wote wawili wangeacha hiyo kitu wakauze nyanya. Wakanigeukia mimi, mgeni wao, wanitoe kwenye kimya. Mpaka wiki ile nilikuwa na mawazo ya Papa Faustin, maana hata mimi nikimwona mlinzi mwenye bastola mlangoni nilijisikia salama. Nilisema hivyo. Halafu nikasema lakini sikuwa nimewahi kufikiria yeye mwenyewe anajisikiaje. Papa Gédéon akaniangalia, akasema, "Mama Tanga, tunajisikia sawa mtu aliyefungiwa nyama shingoni."

Bahati ilikuja mwezi wa tano. Kampuni yake ilihitaji mtu wa kusindikiza familia ya mfanyabiashara mmoja, vitongoji vya kaskazini kwenye kuta ndefu: kuwaendesha, kuwapeleka watoto shule, kumpeleka bibi kliniki. Kazi ya suti, bila sare, bastola chini ya koti. Yule bibi, mama wa mwenye nyumba, alikuwa hataki hata kusikia neno silaha, na mwenye nyumba alikuwa ametoa sharti: mtu wa nyumbani kwake akiiona, au hata akiihisi, mlinzi anabadilishwa. Basi kampuni ilikuwa haimpeleki mtu mpaka apimwe na mkaguzi wao, Baba Mthembu, polisi mstaafu mwenye macho ya kuchoma. Unasimama uani pale ofisini siku ya Ijumaa. Unatembea. Unainama kuokota funguo. Unanyoosha mkono juu kama anayeshusha mzigo. Unakaa kwenye kiti, unaingia kwenye gari, unatoka. Yeye ana kalamu tu mkononi, na akijua bastola iko wapi anaielekeza kwa kalamu, na umekwisha. Nafasi ni tatu. Ukishindwa ya tatu unarudi ulikotoka, na Papa Gédéon kurudi alikotoka ni kurudi kwenye ule mlango.

Suti ya Ijumaa ya kwanza aliishona Papa Faustin kwa mikono yake, buluu ya giza, na wallahi ilikuwa nzuri. Ilikaa mgongoni bila kunyanzi hata moja, ikaingia kiunoni, ikatoka kwenye nyonga. Papa Gédéon alijizungusha mbele ya kile kioo kirefu mara nne. Mimi nikiwa chini napima pindo la suruali niliona kwamba koti linaloonyesha kila mfupa litaonyesha na chuma, lakini mimi ni nani, mtu wa mapindo. Jioni alirudi mapema. Alisema alipoinama kuokota funguo, Baba Mthembu aliielekeza tu kalamu kwenye nyonga ya kulia, pale ambapo kitambaa kilikuwa kimechora kishikio chote vizuri mpaka ungeweza kukihesabia skrubu. Papa Faustin akakasirika, si kwa mteja, kwa kitambaa. Akafumua upande wa kulia, akaweka bitana nzito, akatia sponji nyembamba, akapasua nyuma. Alifanya kazi wiki nzima akinung'unika kwa Kifaransa. Ijumaa ya pili Papa Gédéon alirudi mapema zaidi ya ile ya kwanza. Safari hii hakufika hata kwenye funguo. Alitembea hatua kumi uani na kalamu ikanyooka.

"Lakini koti haikuonyesha kitu," alikuwa akimwambia mkewe upande wa pili wa mbao. "Nilijitazama kwenye kioo ya ofisi. Haikuonyesha kitu." Dada Bea hakubishana naye. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia chumvi, kwamba akirudi kwenye ule mlango yeye atawachukua watoto warudi Lubumbashi kwa mama yake, kwa sababu kuna kitu kimoja hatakifanya, hatakaa Johannesburg kumsubiri mtu aletwe. Watoto walikuwa wanaangalia katuni kwenye simu, kwa Kiingereza, hawajui kitu. Mimi nikalia kidogo, kusema kweli. Nililia kwa ajili yao, na pia kwa ajili yangu, kwani nilikuwa nimewazoea na ile nusu ya pili ya sebule ikiwa tupu sijui ningekaa vipi.

Kesho yake asubuhi, Jumamosi, nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati na yeye akaingia kuchemsha maji ya kuoga. Alikuwa na singlendi na kaptura. Aliweka sufuria, akasimama kuisubiri, na nikaona. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekaa mbali na mwili, kiwiko nje, na kiganja kimetulia kiunoni juu ya kitu ambacho hakipo. Akageuka kuchukua mfuniko, mkono ukarudi palepale. Akacheka na mtoto aliyepita, ukarudi. Miaka sita ya kusimama mlangoni na bastola ya wazi, akiilinda isinyakuliwe, ilikuwa imeufundisha mkono wake kazi, na mkono ulikuwa haujui kwamba leo ni Jumamosi na mwenyewe amevaa kaptura. Hapo nikakumbuka pasipoti yangu. Nilikuwa nimeishonea mfuko ndani ya sketi, mshono ambao hata mimi niliupata kwa shida, na mwezi wangu wa kwanza mjini wakaniibia pale karibu na robot ya pili, yaani taa za barabarani, wakaenda moja kwa moja mahali penyewe. Sikuelewa wamejuaje. Kumbe kila nikiona kundi la vijana nilikuwa naigusa. Nilipokuwa nimesimama na unga mpaka kwenye viwiko ndipo nilipoelewa mambo yote mawili kwa pamoja.

"Papa Gédéon," nikamwambia, "si koti. Mkono wako ndio unaoisema." Akauangalia mkono wake. Uso ukambadilika, akauondoa haraka kama aliyeshikwa ameiba, na kabla maji hayajachemka ulikuwa umeshajirudisha wenyewe. Tukaangaliana. Alikaa kwenye kile kiti kibovu cha jikoni na kusema kwa sauti ya chini eish, kama watu wa kule wanavyoguna, na mimi nikajua naweza kumsaidia. Hiyo hisia sikuwa nimeipata tangu nitoke kwetu. Nilimwambia koti nitalishona mimi. Lakini nitalikata kama kanzu: lining'inie kutoka begani, lishuke moja kwa moja, lisiguse kiuno kabisa, kwa sababu kitambaa kinachoanguka chenyewe hakina cha kusimulia. Upande wa kushoto nitatia uzito ndani ya pindo ulingane na wa kulia, ili likipigwa na upepo liende sawasawa. Alisikiliza yote kwa makini. Halafu akauliza swali lililomkaa rohoni. "Kiuno haitaonekana hata kidogo?" Nikamwambia hata kidogo. Akashusha pumzi. "Bantu ba kanisa batasema nimevala gunia," akasema.

Papa Faustin ndiye aliyekasirika. Nilimweleza dukani kwa heshima zote, nimesimama, mikono mbele. Akavua miwani. Akaniambia amefundishwa na baba yake, na baba yake na Mbelgiji mmoja, kwamba koti ni la kumwonyesha mwanaume, na koti la kumficha mwanaume halitatoka kwenye duka lake na mtu akajua ni lake. Nikamjibu kwamba halitatoka kwenye duka lake, litatoka chumbani kwangu. Sijui nilipata wapi huo ujasiri. Tulifanya kazi siku ile mpaka jioni bila kusemezana, na chai yake alikunywa peke yake. Dada Bea akanipa koti lake la zamani la baridi, pamba nzito ya kijivu, nililifumua lote, nikaliosha, nikalipiga pasi, nikakata. Nililikatia sakafuni chini ya ile nusu ya ua, maana meza sikuwa nayo.

Wakati mimi nashona, mkono nao ulikuwa na shule yake. Bastola haingeingia nyumbani, hilo lilikuwa halina mjadala, na kampuni isingekubali vilevile. Basi tukachukua kufuli la lango, lile kubwa la shaba, zito la kutosha kuvunja kidole cha mguu, tukalitia kwenye soksi nene na kulifunga kwenye mkanda wake upande wa kulia, chini ya shati. Asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi alikuwa analivaa. Lango tukalifunga kwa waya. Sharti likawa hivi: kila mkono wake ukienda kwenye kufuli, yeyote aliyeona anagonga kijiko. Siku ya kwanza hatukuweza kula. Mimi nagonga, dada Bea anagonga, watoto wanagonga na kumwambia kwa Kiingereza chao kwamba amegusa, amegusa tena, na yeye anaapa hajagusa na kiganja kiko palepale. Mpangaji wa chumba cha nyuma, Mrundi mmoja mkimya ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, alikuja na sufuria na mwiko wake. Siku ya tatu tulikuwa tunagonga mara moja moja. Dada Bea akampa kazi ya mkono wa kulia: kubeba Biblia kwenda kanisani, kushika glasi, kumshika mtoto mkono. Siku ya tano alikula sahani nzima, akasimama, akaosha vyombo, akakaa tena, na vijiko vikabaki mezani. Hakujua kwamba tumenyamaza. Sisi tulijua, tukaangaliana, na dada Bea akaingia chumbani kwa ghafla, nadhani alikwenda kufuta macho.

Alhamisi jioni koti lilikuwa limekwisha isipokuwa mikono, na mikono ilikuwa imenishinda. Kanzu mkono wake unaushona bapa. Mkono wa koti unataka kuzungushwa kwenye bega, ukusanywe kidogo hapa, uachiwe pale, na kila nikiutia unajikunja mbele kama wa mtu aliyevunjika. Nilifumua mara tatu. Kitambaa kilikuwa kimeanza kuchoka na kesho ndiyo Ijumaa. Mlango ukagongwa, nikajua ni dada Bea ananiletea chakula, nikasema pita. Akapita Papa Faustin, na tai yake, na mkasi wake mfukoni. Hakunisalimia. Alilinyanyua koti kwenye dirisha, akaligeuza nje ndani, akalivuta bega, akaangalia lile pindo la kushoto lenye uzito, akalipima kwa kiganja. Alikaa nalo muda. "Inaanguka muzuri," akasema mwishoni. Kisha akakaa kitandani kwangu, akaomba pini, na kunionyesha mkono wa koti unatiwaje, mmoja akautia yeye, wa pili akaniachia mimi, na kila nilipokosea alinigusa tu kidole bila neno. Dada Bea alileta chai. Alikunywa kikombe cha kwangu. Alipoondoka alisema Jumatatu nije dukani mapema, kuna bega la mteja linanisubiri.

Ijumaa sikushona kitu cha maana. Papa Faustin naye alikata kipande kimoja mara mbili, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nianze kwake. Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Kushindwa alikuwa anashindwa mapema, nilijipa moyo, basi saa hizi si mbaya. Saa nane akaingia, amevaa lile koti la kijivu, akasimama katikati ya duka na uso hauna kitu. Dada Bea alikuwa ameacha mteja na nywele nusu, amemkimbilia kutoka saluni, yuko nyuma yake mlangoni. Papa Gédéon akasimulia taratibu, mtu mwenye maringo yake, hataki kukatizwa. Alitembea uani. Aliokota funguo. Alinyoosha mkono juu. Alikaa, aliingia kwenye gari, alitoka, Baba Mthembu akamzunguka mara mbili na kalamu iko hewani. Akamwambia arudie. Akarudia yote. Ndipo yule mzee akaweka kalamu mfukoni, akamfokea. Alimwambia yeye ni mtu mzima na hana muda wa kuchezewa, aende kwenye sefu kwanza akaichukue bastola, ndipo arudi kupimwa.

Dada Bea hakuelewa upesi. Papa Faustin ndiye aliyeelewa, akaanza kupiga meza kwa kiganja, na mimi nikacheka huku nalia, upuuzi mtupu. Papa Gédéon akasema alifungua tu koti. Baba Mthembu aliangalia, akaangalia tena, akasema sharp, yaani safi, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi uwe kwa bibi. Basi. Walinzi wengine wa kampuni ile walianza kuja mwezi uliofuata, wanaume wakubwa wenye aibu, wakiulizia mama wa kanzu, na Papa Faustin akawa anawaambia kwa sauti ya kujidai kwamba mabega ni yake na yanayobaki ni yangu. Nilikaa kwake miaka mitatu mingine.

Lakini Jumapili iliyofuata ile Ijumaa ndiyo ninayoikumbuka. Nilikuwa nimekaa barazani na chai, wao wanakwenda kanisani, watoto wametangulia. Koti la kijivu lilikuwa limebaki ndani. Yeye alivaa suti yake ya rangi ya mchanga, imeshika kiuno kama anavyopenda, na alishuka ngazi taratibu kama siku zote. Dada Bea alimfuata. Miaka yote niliyoishi nao sikuwa nimewahi kumwona akitembea upande wa kulia wa mume wake, hata siku za mapumziko, hata na bastola ikiwa imefungiwa kwenye sefu mbali kabisa na Bellevue, na sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini. Asubuhi ile alipita nyuma yake, akaenda kulia, akapitisha mkono wake ndani ya wa mumewe, pale kiunoni penyewe, akauacha hapo. Wakatoka getini hivyo hivyo, wakashika barabara ya kanisani.